Alama ya Tindo Kwenye Stata

Meno yangu ya mbele yalivunjwa Bungoma, sokoni, mchana kweupe, na mtu ambaye alikuwa amekuja kunisaidia. Naanza hapo kwa sababu wajukuu wakiniuliza huwa naanza mbali, naanza na bei ya kabeji, mpaka wanasinzia kabla sijafika kwenye damu. Lakini hata hapa itabidi nirudi nyuma kidogo, mnivumilie. Shule nilienda miaka michache tu, na kupanga maneno sikufundishwa.

Mimi naishi Kitale, ila kwetu kwa asili ni upande wa Bumula. Nilikuwa na pikapu kuukuu. Ilikuwa inabeba kabeji na vitunguu kutoka Kitale kwenda soko la Bungoma, na ikirudi inabeba ndizi. Hiyo ndiyo ilisomesha watoto wangu, wote, hata yule ambaye hataki tena kuniongelesha. Hayo ni mambo mengine.

Zamani gari ikiharibika ulikuwa unakasirika kidogo, unanunua spea, unaendelea. Miaka hii spea zimeshikwa na wazimu. Unauliza bei asubuhi, unaenda kutafuta pesa, ukirudi jioni bei imehama. Ukiuliza kwa nini, mwenye duka anakuambia ati ni dola. Sasa mimi na dola wapi na wapi? Nilikuwa ndani ya duka moja pale Kitale siku mwalimu mmoja, mtu mpole wa kanisa, alirudi kuchukua shoki, ile ya kuzuia gari kurukaruka, aliyokuwa ameulizia asubuhi. Aliposikia bei mpya aliinua ile shoki kutoka kwenye kaunta akampiga nayo muuzaji hapa juu ya sikio. Muuzaji akaanguka na rafu ya filta ikamwangukia. Damu ilitembea mpaka kwenye viatu vyangu. Na bei haikushuka, maana nilirudi kuuliza kesho yake.

Baada ya hapo ndio wizi ukaingia. Ukiacha gari nje ya matanga, ukitoka inakungoja kama kuku aliyenyonyolewa. Taa zimeenda, betri imeenda, kioo cha pembeni kimeenda. Na mwizi akishikwa, mnajua wenyewe. Niliona mmoja akichomwa karibu na Matulo kwa ajili ya betri. Nitasema ukweli wote: lile tairi walilomvika shingoni nililitazama, nikaona bado lina meno yake mazuri, na kitu cha kwanza kilichoingia kwa kichwa changu ni kwamba wanaharibu tairi. Mtu anapiga kelele ndani ya moto na mimi nafikiria tairi. Hivyo ndivyo bei ilikuwa imetufanya.

Watu wenye gari nzuri wakaanza kuandika namba ya gari kwenye vioo. Mimi nikafikiria ng'ombe wa baba. Baba alikuwa anawakata sikio la kushoto, mikato miwili juu, mmoja chini. Mimi ndiye nilikuwa nashika kichwa, na ng'ombe alikuwa ananivuta mpaka magoti yanachunika, damu inanirukia kwa macho. Ng'ombe mwenye mikato hiyo hakuna mtu angethubutu kumgusa. Basi nikachukua tindo na nyundo, nikalala chini ya pikapu, nikapiga alama ya baba kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini. Miwili juu, mmoja chini. Stata ndiyo nilikuwa naogopea zaidi, kwa sababu ndiyo wezi walikuwa wanaipenda.

Sasa stata yenyewe ilikuwa mgonjwa. Kaboni zake zilikuwa zimeisha. Kaboni ni vipande vidogo tu, unavishika kwa vidole viwili, lakini bila hizo unazungusha ufunguo na gari inanyamaza. Fundi wangu wa Kitale akaniambia ninunue mpya. Nikauliza bei, nikacheka, nikamwambia aweke vipande vya mabati nyuma ya zile za zamani zisukumwe mbele. Akaweka. Akasema, "Mzee, hii itakuaibisha mbele ya watu." Nikamwambia aibu hailipishwi.

Siku hiyo Bungoma niliuza vizuri. Nikapakia ndizi, nikaingia ndani, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Kila mtu mwenye gari kuukuu anajua dawa yake: mmoja anaingia chini kugonga stata na chuma, mwingine anazungusha ufunguo, na inashika. Nikatoa kichwa nje nikatafuta mtu. Akapita mwanaume mmoja, rika la kifungua mimba wangu, na mfuko wa mbolea begani. Akanisalimia vizuri kabisa, "Mulembe, kuka," akaniita babu, akaweka mfuko chini bila kuombwa mara mbili. Nikampa spana ya magurudumu. Akalala chali, akaingia chini ya gari.

Nikangoja nisikie akigonga. Kimya. Nikasema labda haioni, nikapiga kelele kwamba iko upande wa kulia. Kimya tu. Halafu nikaona anatoka polepole, anajifuta mchanga, anakuja mpaka kwenye dirisha langu. Macho yalikuwa yamebadilika.

"Kuka, hii stata ulitoa wapi?"

"Si ni ya gari? Gonga twende, bana."

"Hiyo alama nilipiga mimi na mkono wangu. Iliibwa wiki iliyopita kwa matanga, Sirisia."

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha wa sokoni. Nilikuwa bado nacheka wakati spana ilipoingia dirishani, na ndiyo maana ilipata meno, mdomo ulikuwa wazi. Nilisikia taya likivunjika kwa ndani, sauti kama unakanyaga muwa mkavu. Akafungua mlango, akanivuta kwa kola, nikaanguka na uso. Na akasema lile neno, "Mwizi wa spea," hata si kwa nguvu sana. Neno hilo sokoni halihitaji nguvu.

Sijui walitoka wapi wote. Mateke yalianza kwa mgongo, yakaja mbavuni, mmoja mwenye gamubuti akawa anatafuta kichwa. Kiti cha mbao kilivunjikia bega langu. Mama mmoja ambaye nilikuwa nimemuuzia kabeji zangu asubuhi alikuja na jiwe, nikamtambua kwa sketi, akanipiga nalo vidole vya mkono huu ambao mpaka leo haufungi vizuri. Nilitaka kusema stata ni yangu lakini taya halikuwa linafuata maneno, yalikuwa yanatoka mapovu tu, na mtu akasema, "Anaapa kwa kizungu," watu wakacheka.

Nilikuwa nimelala shavu moja chini, natazama upande wa gari. Na nikaona kitu ambacho kiliniuma kushinda mateke. Katikati ya miguu ya wale waliokuwa wananipiga, betri yangu ilikuwa inaenda. Mikono miwili imeibeba vizuri, kama mtoto mchanga. Mwingine alikuwa ameshalegeza nati za gurudumu la nyuma, na jeki ni yangu mwenyewe. Taa zikatolewa. Ndizi ndizo zilimalizwa kwanza. Watu wananiua kwa sababu ya wizi wa spea, na hapo hapo wananiibia spea.

Halafu nikasikia harufu ya petroli. Kijana mmoja mwenye kofia alikuwa ameingiza mpira kwenye tangi, ananyonya na kutema, anajaza mkebe. Akainama karibu na sikio langu, akaniambia kwa upole, "Usijali mzee, ni petroli yako tu. Hatukuongezei gharama." Akanimwagia mgongoni. Ilikuwa baridi, na kwenye vidonda ikawa moto kabla ya moto. Nilijikojolea. Nilijua nimekufa, kilichobaki ni kiberiti. Yule mwenye stata alikuwa amesimama juu yangu na spana, kifua kinapanda na kushuka, anataka apige mara ya mwisho kabla ya moto, maana yeye ndiye mwenye haki.

Hapo ndipo alikuja mama mmoja kutoka upande wa wauza viazi. Mnene, mkubwa kwa umri, leso imefungwa kifuani. Hakukimbia. Watu walimpisha kwa sababu alikuwa anatembea tu kama hawapo. Akaja mpaka akasimama kati yangu na yule mwanaume, karibu naye hata pumzi zao zikagusana.

Asiyejua mambo ya kwetu lazima nimweleze hapa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Ni heshima, na ni hofu pia. Na huyu mama alikuwa mama mzazi wa mke wa huyo mwanaume.

Akamwambia, bila kupaza sauti, "Piga. Lakini mimi niko kati."

Mwanaume akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Akafunika uso na mkono. "Mayi," akamwita mama, "tafadhali ondoka hapo."

"Mkwe wangu simuoni hapa. Naona mtu ameshika chuma." Akamsogelea tena hatua moja.

Lile jitu lililonivunja taya liligeuka. Spana ikaanguka, ikanipata kwenye goti, hata hiyo nilimhesabia. Aliinama, amejificha uso kwenye kiwiko, akaenda kinyumenyume mpaka akakanyaga nyanya za watu, akaanguka ndani yake, na hakuinua kichwa. Kijana wa petroli bado alikuwa na kiberiti. Mama akamgeukia.

"Na wewe, uliibiwa nini?"

Kijana akatazama kiberiti, akakirudisha mfukoni. Wengine nao wakaanza kutazamana. Mwenye malalamiko amelala kwenye nyanya. Sasa wao wanaua kwa niaba ya nani? Walianza kupungua wa nyuma kwanza. Kijana aliondoka na mkebe wangu na petroli iliyobaki.

Mama akachuchumaa, akanipangusa uso na leso yake mwenyewe, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilisema mara tatu ndipo akasikia. Akauliza alama ya stata ni ya nini, nikamwonyesha kwa vidole, miwili juu, mmoja chini, ng'ombe wa baba. Akatazama mgongo wa mkwe wake kule kwenye nyanya, akacheka, kicheko kibaya sana.

"Nyinyi ni ukoo mmoja," akasema. "Mnauana kwa alama yenu wenyewe."

Ndiyo hivyo. Yule mwanaume naye, kabla ya kuibiwa, alikuwa amefikiria ng'ombe wa babake, akachukua tindo. Alama haikuwa ya baba yangu, ilikuwa ya ukoo wote, na mimi mtu mzima nilikuwa nimesahau. Zamani haikuwa na shida. Ng'ombe ana rangi, ana pembe, ana jina. Alama ilikuwa inaonyesha ni wa ukoo gani, na mwenyewe alikuwa anajulikana kwa ng'ombe wake. Lakini stata zote zina rangi moja.

Hospitalini walinifunga taya kwa waya. Pikapu ilibaki juu ya mawe. Mwanangu alipokwenda kuulizia spea za kuirudisha barabarani, alirudi akaniambia kwa pesa hizo ninaweza kununua pikapu nyingine mbili, zilizochakaa hivyo hivyo. Tukaiuza kwa watu wa skrapu. Walipoikata sikwenda kuangalia.

Mtu kumwaga damu ya mtu wa ukoo wake, tena wa rika la babake, si jambo la kuachiwa polisi peke yao. Wazee wa Bumula walimwambia yule mwanaume alete kondoo wa kutupatanisha. Nilipelekwa nikiwa bado na waya. Kondoo alichinjwa hapo mbele yetu, akarusha miguu muda mrefu kwa sababu kisu kilikuwa butu, na majani ya tumboni mwake tukapakwa kifuani, mimi na yeye, yakiwa bado ya moto. Yeye alikuwa anatetemeka. Nilifurahi kumwona anatetemeka, siwezi kudanganya.

Halafu ikafika maini. Lazima wote wawili wale kutoka sahani moja, mmoja asipokula maneno hayajaisha na watoto wa yule mwingine watadhoofika mmoja baada ya mwingine. Yeye akala. Sahani ikaletwa kwangu. Wazee wakatazama ule waya, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Mmoja akasema nilambe tu, mwingine akasema kulamba si kula. Wakamwambia mke wangu atwange maini yawe uji. Mke wangu akasema yeye hatamtwangia muuaji, akakaa chini.

Kwa hivyo mkosaji alitwanga mwenyewe. Mwanaume kwa kinu, na watu wanatazama. Nilikuwa naangalia ule mkono ukipanda na kushuka, ni ule ule, na kila mchi ukigonga taya langu lilikuwa linajibu. Akamwagia mchuzi, akachuja na vidole, akaniletea kwa kikombe, amepiga magoti.

"Papa," sasa akaniita baba, "kunywa."

Niliwafikiria watoto wake, ambao sijawahi kuwaona na hawajanikosea. Nikanywa kupitia pengo la meno aliyoyatoa yeye. Ilipita polepole, na ilikuwa inauma. Alingoja niseme kitu. Waya ulikuwa umefunga mdomo, kwa hivyo hakuna aliyejua kama nimeshindwa kusema au nimekataa. Nikamrudishia kikombe. Akakitazama ndani, akaona nimebakisha, na kwenye mabaki kulikuwa na damu ya fizi zangu. Wazee walikuwa wanamngojea. Akayanywa yote.