Zizi Lisilo na Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba kilicho juu ya duka la vyombo katika mtaa wa Wabera, mkuu wa mifumo alinipa kompyuta na kazi moja: niandike programu ya kuzitumia familia za wafugaji ujumbe kila jioni kuhusu ngamia walio malishoni. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na haraka nyingi.

Ndani ya programu niliunda chombo cha kuhifadhia majina, nikakiita Zizi. Aina ya vitu vya kuwekwa ndani niliiacha wazi: ukitaka ngamia, ngamia, ukitaka mbuzi, mbuzi. Sikuiwekea mpaka. Kitu ambacho programu haijui aina yake haiwezi kukifanyia mengi, ila jina lake italiandika, nami nilihitaji jina tu. Kila ambaye hakuripotiwa kufa, programu ilisema yuko salama.

Kule mchungaji husajiliwa pamoja na ngamia zake. Nikawatia wote zizi moja.

Alasiri moja Mama Halima alipanda ngazi, simu mkononi.

"Salaam aleikum. Nani hapa anamwona mume wangu?"

Mumewe, Galgalo, alipotelea njia ya Garbatulla wakati wa kiangazi. Ngamia walirudi peke yao. Lakini kila jioni simu ilimwambia: Galgalo yuko salama.

Mkuu alisoma maandishi yangu. "Wewe, hata mimi nikiingia humu utanitafutia majani? Weka mpaka. Kinachoingia kiwe cha ukoo wa Mnyama."

Niliongeza maneno mawili. Kompaila, programu inayokagua maandishi kabla hayajaanza kazi, ikagoma kwenye mstari wa wachungaji: Mtu si Mnyama. Nilipoufuta, niliona kana kwamba nimemfungia mtu nje.

"Hakuna aliyemwona, mama," nikasema. "Ni kosa langu."

"Kwa hivyo nikae eda, ama nimngoje?"

Simu yake ikalia mkononi. Galgalo yuko salama.

"Ni ya jana," nikasema haraka. "Mtandao umechelewa."

"Basi eda ingoje," akasema, akajitanda mtandio, akashuka.

Nimeshaacha kazi hiyo, na miji niliyopita tangu hapo ni mingi. Kote nilianza na mpaka kabla ya kitu kingine. Ila jioni ile aliyokuja Mama Halima, kabla sijafunga kompyuta, nilikagua orodha ya jumbe zilizotumwa. Ule wake wa jana ulikuwa umefika jana. Wa leo, ule uliolia mkononi mwake, haukuwepo.

Sikumwambia mkuu.