Upole Usio wa Kuzaliwa

Miaka ile ya Wabelgiji, kwenye gare ya Kindu, kituo cha treni, bwana mmoja aliyekimbilia treni alipindua ndoo ya mawese ya mama muuzaji. Mafuta yote yalimwagika. Mama akavuta pumzi ndefu, akamwambia, "Enda, baba, treni itakuacha."

Bibi Mwingereza wa misheni, aliyesimama karibu nami, alistaajabu. "Mama, kwetu tunasema upole wako ni inherent. Maana yake, umezaliwa nao."

Mama akatikisa kichwa. "Hapana, madamu. Nilizaliwa mukali sana. Huu upole njo kazi yangu ya miaka mingi."

Bibi akainama kumsaidia kuinua ndoo. "Basi neno langu halikufai. Nisamehe."

Tangu hapo, kabla ya kumsifu mtu, namuuliza kwanza: umezaliwa hivyo, ao umejitengeneza?