Mjomba aligawa gundi ya slabu kwa haki, nyumba mbili zikavuja sawasawa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi, ingawa nikimaliza mtadhani nimemwaga pakiti nzima.

Mama yangu anaishi Old Kampala, nyumba ya paa la zege, yaani slabu. Fundi aliyeijenga alituahidi kwamba siku moja tutapandisha ghorofa. Ghorofa halijapanda. Zilizofika ni nyufa, na kupitia nyufa hizo maji yakafika kitandani kwa Mama.

Mvua ikinyesha anahamia kwenye kochi la sebuleni, mgongo unamuuma. Nikamwomba aje kwangu Bugolobi. Akasema hakuikimbia nyumba yake wakati wa vita, hawezi kuikimbia sasa kwa sababu ya matone.

Nikaingia humu jukwaani, wajuzi mkanishauri epoxy.

Kwa msiojua: ni gundi inayoingia ndani ya ufa, na ikikauka inashika zege kuliko zege linavyojishika lenyewe. Ukiipaka na juu, maji hayapiti. Inakuja kwenye makopo mawili, A na B. A peke yake haigandi. B peke yake haigandi. Lazima zichanganywe, na hilo limeandikwa kwenye kopo kwa herufi ambazo hata mimi ninayekataa miwani nazisoma.

Nikanunua seti moja. Kazi ikanipeleka Gulu, nikamwachia Mjomba asimamie.

Mjomba ni mwanajeshi mstaafu, kaka wa Mama na wa Mama Mdogo anayekaa Bukoto. Hao dada wawili tangu utotoni wanampima kaka yao anampenda nani zaidi. Akipeleka sukari kwa mmoja bila mwingine, simu hazipumziki. Kwa hiyo mzee wa watu ameishi miaka yote akigawa kila kitu nusu kwa nusu.

Na slabu ya Mama Mdogo nayo ilikuwa inavuja.

Mmeshaanza kuona?

Kopo A likabaki Old Kampala. Kopo B likapanda boda kwenda Bukoto. Kwa bahati mbaya makopo yenyewe yanalingana ukubwa, kwa hiyo haki ilitendeka kikamilifu. Huku wakapaka, kule wakapaka. Nikatumiwa picha Gulu, slabu inang'aa, nami nikajibu "kazi safi".

Hongera kwangu.

Niliporudi nikaambiwa Mama yuko juu ya slabu, amepanda kufurahia. Alikuwa ametandika mkeka aliousuka marehemu bibi, rangi zake bado zinawaka. Kutaka kuvaa ndala, zimenasa. Kuvuta mkeka, umekuja nusu.

Mama alisimama na kile kipande mkononi. Iliniuma sana.

Bukoto nako walikuwa na sherehe yao. Kopo B linanuka kama samaki aliyesahaulika, na Mama Mdogo alikuwa ameshawatuhumu majirani wote.

Nikamuuliza Mjomba kwa upole, yaani upole niliobaki nao siku hiyo. Akaniangalia kama anaangalia kuruta.

"Kopo ilikuwa mbili, dada yangu iko mbili. Ulitaka mimi nipe mmoja, mwingine alie? Kwa jeshi niligawa chakula miaka mingi, hakuna mtu alilalamika."

"Mjomba, zile zinachanganywa."

"Sasa kama zinachanganywa, kwa nini wao walitenga?"

Wajuzi, hilo swali nawaachia.

Fundi akakwangua slabu zote mbili na kusafisha kwa thinner. Nikanunua seti mbili kamili, moja kwa kila dada, ili kusiwe na maneno. Nikazishusha kwa Mama, nikaenda kuegesha gari. Kurudi, Mjomba ameyapanga makopo mstari mmoja, simu sikioni, anamwita kaka yao mwingine.

"Ndiyo, kuja haraka. Kopo iko nne, na sisi tuko wanne."

Nilikaa juu ya yale makopo mpaka fundi akafika, na hata chai nililetewa hapohapo.

Safari hii A na B zilikutana ndani ya ndoo moja, mbele ya macho yangu. Kile kipande cha mkeka kilichonasa, Mama alikataa kisikwanguliwe, kikapakwa juu yake. Kiko pale mpaka leo, ndani ya gundi, rangi zake zinaonekana.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha mchana. Nikampigia Mama, hapokei. Nikaenda mbio. Nikamkuta chumbani, kitandani kwake, amelala fofofo.

Kile kipande kingine cha mkeka hakikuwepo ukutani alikokitundika. Kumbe Mama Mdogo alisikia habari, akauliza mbona yeye hakupata chochote cha mama yao. Mjomba akakibeba, akampelekea Bukoto.

Nusu huku, nusu kule. Mama alimkabidhi mwenyewe.

Funzo langu, wakuu: nunua gundi, soma kopo, halafu uwajue ndugu zako kabla hujasafiri. Wenye wajomba wa haki kupita kiasi, nawasikiliza. Na anayejua kwa nini walitenga A na B aniandikie kwa Kiswahili chepesi, nimsomee mzee.