Pipa la Bibi Apolonia

Siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, nilikaa chini katikati ya njia ya makaburini, jeneza likiwa mbele yangu, nikalizuia lisipite. Ndani yake alikuwamo mtu pekee aliyekuwa akinitembelea katika kijiji nilichofanyia kazi. Nimeikumbuka habari hii kwa sababu juzi ulikuja hapa ukanung'unika kwamba wanakijiji unaowafundisha afya wanakusikiliza, wanakupigia makofi, kisha hawafanyi hata moja. Hayo nayajua. Kaa nikusimulie, mimi sina haraka, na siku hizi wageni wangu ni wa kuhesabu.

Nilikuwa bibi afya kijana, binti wa Mnyamwezi wa reli aliyehamia Morogoro mjini, nikapangiwa kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Matombo. Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Vitu tulivyozoea kuvipangia foleni vilikuwa vimejaa sokoni, na lile shamba kubwa la bondeni, lililokuwa la umma, lilikuwa limepata mwenyewe. Mwenyewe huyo alinyunyizia mazao yake dawa kali za wadudu, na mapipa ya dawa yakibaki matupu hakuyateketeza, aliyauza getini kwa bei ya kutupa. Yalikuwa mapipa mazuri, ya buluu, yenye mifuniko. Karatasi yenye picha ya fuvu ilikuwa imekwishabanduliwa. Wafanyakazi wake waliambiwa wasiyaguse kwa mikono mitupu, ila watu wa mlimani hawakuambiwa kitu. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na sidhani kama imeisha.

Usiwacheke walioyanunua. Kwa mwanamke anayepanda mteremko kila siku na ndoo kichwani, chombo cha kuhifadhia maji mengi kilikuwa nusu ya maisha. Waliyasugua kwa mchanga na majivu, na harufu ilipopungua wakasema yametakata. Kisha wakaanza kuniletea watoto wanaotapika, mate yanawachuruzika, mikono inatetemeka. Nikaitisha mkutano nikaeleza yote niliyosomea. Mwenyekiti akanishukuru, nikapigiwa makofi, nikapewa na kuku. Nilipopita nyumba kwa nyumba nikayakuta mapipa palepale, yamejaa maji. Niliporudia maneno yangu wakaanza kunikwepa, na wanawake wakawa wananyamaza nikifika kwenye chemchemi. Jioni nilipika chakula cha mtu mmoja, nikaosha sahani moja, nikalala. Upweke ule usiuombe, mwanangu.

Aliyebaki kuja kwangu ni Bibi Apolonia. Alikuwa akija na ndizi mbivu ndani ya khanga, anakaa, ananichokoza kidogo, anaondoka. Na mwanawe, Deusi, ndiye aliyekuwa akiyapandisha mapipa yale na kuyauza. La kwanza kabisa alimzawadia mama yake. Siku moja nikamlalamikia bibi huyo kama ulivyonilalamikia wewe. Sikupata pole.

"Unatuhutubia kama mgeni," alisema. "Mgeni tunamkubalia kila kitu ili aondoke ameridhika. Wewe Mnyamwezi, sisi Waluguru, watani wako. Tangu lini mtani akasema tafadhali?"

Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe bado anakunywa maji ya pipa lile. Alimenya ndizi, asiile.

"Amenipa mwanangu. Nikilitupa nimemuaibisha mbele ya kijiji kizima. Nikiwa hai siwezi. Lakini siku nikifa utakuja msibani, na utakuja kama mtani. Siku hiyo nani atakuzuia?"

Nilicheka, nikidhani ananitania.

Alifariki masika yalipokuwa yanaanza. Kilichomuua sikijui na sitakudanganya. Alikuwa mzee, wala hapakuwa na daktari wa kumpima. Nilipofika msibani nikakuta pipa lake limetolewa uani, limejazwa maji ya kupikia na ya kunywa waombolezaji, na watoto wa ukoo wamelizunguka na vikombe vyao.

Nilitaka kulia kama wenzangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimefiwa kuliko wanavyojua. Lakini mtani haji msibani kulia. Anakuja kuiga mwendo wa marehemu, kuwapora wafiwa kofia zao, kuwatukana mpaka wacheke, na kuzuia jeneza mpaka akombolewe. Basi nikameza machozi. Nikaliangusha lile pipa, maji yakafurika uani, nikaokota panga nikalitoboa kitako. Watu wakapiga kelele. Halafu mzee mmoja akasema, "Mwacheni, Mnyamwezi huyo," na kicheko kikaanza. Jeneza lilipotoka nikakaa njiani.

Deusi akaniletea noti, kama desturi ilivyo. Nikazisukuma.

"Sitaki hizo," nikamwambia. "Nataka mapipa. Mama yenu hapiti mpaka kila nyumba ilete lake nilitoboe. Tajiri anawanywesha makombo ya sumu yake, nanyi mnamshukuru kwa bei rahisi."

Alizirudisha noti mfukoni. Kukasirika hakuruhusiwa, na alilijua hilo. Alilitazama jeneza, akageuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi akiyaburuta yale ambayo alikuwa hajayauza. Wengine wakamfuata na ya kwao, huku wananitukana na kucheka, na wanawake wakateremka chemchemini na mitungi yao ya zamani. Nilipolitoboa la mwisho, nikaondoka njiani, tukamzika.

Baada ya matanga Deusi mwenyewe aliwaongoza vijana kuyateremsha mapipa mabovu hadi getini kwa tajiri, wakayapanga barabarani malori yasipite. Tajiri alituita wahuni, lakini pale getini hayakuuzwa tena. Kama aliyapeleka kwa wanyonge wengine, sijui, na kutojua huko kunanikera hadi leo.

Jioni ile ya mazishi watu walipeana pole na kushikana mikono. Mimi hakuna aliyenipa, kwa kuwa mtani hapewi. Nikarudi kwangu, nikakuta mezani ndizi zake za mwisho zimeanza kuwa nyeusi. Hapo ndipo nilipolia, peke yangu, mpaka nikachoka.

Sasa sikia, mwanangu. Kumweleza mtu hatari haitoshi. Tafuta kwanza wewe ni nani kwake, uingie kwa mlango huo. Ukikuta sumu nyumbani kwa maskini, usiishie kumfundisha kunawa mikono. Uliza imetoka kwa nani, na kwa nini huyo alijua na huyu hakuambiwa, kisha umsaidie kuirudisha ilikotoka. Na ujue kwamba ukifanya hivyo utakula peke yako siku nyingi.

Nenda salama. Mungu akupe sauti wanayoweza kuisikia, na jioni ukirudi kwenye sahani yako moja, akuletee mtu wa kupiga hodi na ndizi ndani ya khanga.