Kumpasha Farasi Mwili Moto

Baridi ya milima ya Butembo huingia kwenye viungo vya farasi kuliko vya binadamu. Mzungu mwenye shamba la kahawa, kabla hajakimbia vita na kuniachia farasi wake jike mwekundu, alinifundisha hivi: kwanza umtembeze huku hatamu zimelegea, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka apige pumzi puani na kushusha shingo. Ndipo ukaze hatamu, naye atacheza, akinyanyua miguu juu mmoja mmoja kwa maringo ya bibi harusi.

Taabu ni kwamba alikuwa amezeeka na mazoea yake. Akishapata moto hakungoja kuambiwa.

Asubuhi moja akaja kamanda na askari wake, wakielekea Beni. Alikuwa amesikia habari zetu sokoni Kirumba, kwa wale wachuuzi wasiojua kufunga mdomo.

« Muzee, banasema farasi yako inajua kucheza. Onyesha. Ikicheza muzuri, nitaibeba Beni, icheze ku fête yangu, bageni baone. »

Beni risasi zilikuwa zikilia kila siku, na yule farasi aliogopa hata kuku. Mke wangu aliponiletea tandiko, alininong'oneza: « Baba, usiache ipate moto. »

Nikampanda, nikamtembeza. Kila alipoanza kulainika nilimsimamisha, nikampeleka upande wa mikaratusi, ambako umande ulikuwa bado haujakauka.

« Itacheza saa ngapi? »

« Chef, lazima ipate moto kwanza. Iko muzee sawa mimi. »

Lakini mgongo wake ulikuwa unalegea chini yangu. Nilimwomba Bikira Maria, mimi niliyezoea kusinzia misani. Farasi akapiga pumzi puani. Akashusha shingo. Akanyanyua mguu wa mbele, juu kuliko kutembea kunavyohitaji. Kamanda alikuwa ameinama kuwasha sigara. Alipoinua uso, mguu ulikuwa umerudi chini.

« Donc ni hii tu? »

« Ni hii tu, chef. »

« Mais kutembea, hata mbuzi inatembea. »

Askari wakacheka, wakapanda lori lao.

Lori halijafika hata chini ya kilima, farasi akaanza. Miguu juu, shingo imepinda, anacheza peke yake kwenye nyasi zilizolowa, mimi nimekaa tu juu yake kama gunia. Sijawahi kumwona akicheza vile. Mke wangu alikuja mbio, akamshika lijamu.

« Baba, shuka. Batasikia tena ku soko. »

Nikashuka, nikamvua tandiko.

Vita viliendelea miaka. Kila asubuhi nilimtembeza asije akakakamaa, na kila alipopiga pumzi puani nilishuka, nikamrudisha bandani. Njiani aligeuza shingo kunitazama, nami niliangalia chini. Alikufa vita havijaisha. Viungo vyake vilikuwa bado laini.