Choo Alichoachiwa Rebeka

Nilitoka Haydom kwa sababu ya Rebeka. Alilazwa kwa kifafa kwenye wodi ninamofanya kazi kama nesi, na picha ya kichwa ikaonyesha vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Mama mkwe wake alisema bila kificho: huo ni ugonjwa wa ukoo wa kina Rebeka, binti arudi kwao, mtoto abaki. Lakini Rebeka ni Msabato, hajawahi kuonja kitimoto, nyama ya nguruwe. Tegu alimtoa wapi? Aliporuhusiwa, nikaomba kwenda kuona wanavyoishi.

Asubuhi basi lilipita Basotu, vumbi likitupaka wote bila upendeleo. Katesh nilibadilisha gari hadi Endasak, na bodaboda ikanipandisha mlimani katikati ya mahindi. Nguruwe walizurura njiani kama wenye kijiji.

Nyumbani nilipokewa na baba mkwe wa Rebeka, Mzee Tluway.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Pita ndani.”

Mkewe hakungoja nikae. “Nguruwe hali, na bado anaanguka. Si unaona kifafa ni cha kwao?”

Nikawaeleza taratibu. Anayekula nyama ya nguruwe yenye tegu isiyoiva anaweza kumfuga tumboni bila kuumwa. Mayai hutoka kwenye kinyesi chake. Mwingine akiyameza, kwa mikono michafu au mboga, yanaweza kumfikia kichwani. Si kila mmoja ataugua, ila hatari haichagui dini.

Kisha nikaomba kuona choo. Kilikuwa kizuri, kimesakafiwa.

“Nani anakitumia?”

Mzee akakohoa. “Mimi siingii. Choo anachoingia mkwe, mimi nitaingiaje? Tangu aolewe nimemwachia. Mimi naenda kule.”

Alionyesha kichaka nyuma ya bustani ya mchicha, anayopalilia Rebeka kila siku.

“Na kitimoto, mzee?”

“Kila siku ya mnada nakula,” akasema, sauti ikashuka.

Nilimhurumia sana. Nikamwambia sijamhukumu, kwanza apimwe. Akamgeukia mkewe.

“Rebeka haendi popote. Wa kuondoka ni mimi, naenda na huyu nesi nikapimwe.”

Rebeka, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza, akamvuta mwanawe mapajani, akalia.

Kesho yake, tukirudi, mzee alikaa dirishani mwa basi. Mimi nilikuwa nimekwenda nikitarajia kukuta uzembe. Sikujua kwamba ugonjwa unaweza kupita hata kwenye adabu ya mtu.

Tulipokaribia Basotu akaniuliza, “Kwa hiyo heshima yangu ndiyo imemwangusha?”

“Huenda, mzee.”

Akatazama nje. “Basi nikirudi nachimba choo changu. Kile cha kwake asikiguse mtu.”