Bima ya Gari Iliyokuwa kwa Jina la Jokha

Barua ilikuja Jumatatu. Mzee Shaame aliishika tu. Barua za nyumba ile zikisomwa na mkewe, Jokha, na Jokha ana wiki tano kaburini. Ikabidi amngoje binti yao, Suad, arudi kazini.

"Baba, bima ya gari ilikuwa kwa jina la mama," Suad alisema. "Wewe uliandikwa dereva wa pili tu. Mama kafa, na bima imekufa. Mwisho Alkhamisi."

"Na Ijumaa?"

Suad akaiweka barua mezani. Nchi hii ya Waingereza gari lisilo na bima halina ruhusa hata ya kulala barabarani, na hapo Barking walipokuwa wakikaa hawakuwa na pahala pengine pa kuliweka. Na Ijumaa ndiyo siku ya makaburini. Makaburi yako nje ya mji, basi linakushusha mbali, na miguu ya mzee haifiki. Suad haendeshi, na kwao Pemba wanawake hawendi makaburini. Mtoto wa kiume hawakujaaliwa. Asipokwenda yeye, hapana wa kumsimamia Jokha akamsomea Yasini.

Suad akafungua kompyuta, pale kampuni zote za bima zinapotoa bei kwa pamoja. Akajaza, akajaza. Bei ilipotokea, mzee akashika kichwa. Miaka yote ile waliyoendesha bila kugonga, inayoshusha bei, ilikuwa imeandikwa kwa Jokha. Yeye alionekana kama kaanza kuendesha jana.

"Watu humtia mke awe dereva wa pili," Suad alisema polepole. "Bei inashuka."

"Mtie."

"Baba!"

"Hiyo kompyuta inajua nini?"

"Haijui. Lakini ukigonga mtu watachungua, wakuone umesema uwongo. Utakuwa huna bima, na mahakamani utakwenda."

Wakajaribu njia nyingine, wakaipigia simu kampuni ya zamani. Suad akasikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Wanasema lazima wazungumze na mwenye bima."

"Hata mimi nataka," mzee alisema.

Jumatano wakapanda treni mpaka Queensbury, upande wa pili wa mji, kwa Yogesh, wakala wa bima. Kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake bado ni kilekile cha mtaani kwao Mkunazini.

"Ee, Mpemba kaja mwenyewe! Leo utajibu maswali, au nitakuuliza nawe uniulize nani kakutuma, kama kawaida yenu Wapemba?"

"Nitajibu."

Yogesh akaacha kucheka. Akawavutia viti. Akasema iko kampuni moja inayompa mume miaka ya mkewe ya kutogonga, maadamu alikuwa ndani ya bima yake na cheti cha kifo kipo. Bei yake ni ghali, lakini inabebeka. Ila maswali anaulizwa mwenyewe, kwa simu, na sauti inanaswa.

"Nisemee wewe," mzee alisema.

"Siwezi, Mzee Shaame. Wanataka sauti yako."

Tangu kuzikwa kwa Jokha, neno "kafa" hakulitamka. Waliokuja kumpa pole aliwajibu alhamdulillahi, wakaondoka. Nyumbani alisema "mama'ko", kama anayemtaja mtu aliyeko jikoni.

Simu ikapigwa. Msichana akauliza jina, akauliza leseni. Kisha akauliza kama ana mke. Kiingereza hicho Shaame alikielewa. Akautazama mlango. Nje kulikuwa na barabara, na treni, na nyumba ya Barking, na kokote ambako angekwenda, Ijumaa ingemkuta huko hana gari.

Msichana akarudia. Suad aliinama, akaangalia viatu vyake.

"Mke wangu kafa," Shaame alisema, kwa Kiingereza chake cha kuokotaokota.

Msichana akampa pole. Akauliza gari linalala wapi usiku.

Karatasi ya bima ikatoka kwenye mashine. Shaame kusoma hajui, ila jina lake analijua lilivyo, na la Jokha pia. Lake akaliona. Akapitisha kidole mpaka chini, akageuza na nyuma.

"Ni ya mwaka mmoja," Yogesh alisema.

"Mwakani wataniuliza tena?"

"Watauliza, mzee wangu. Kila mwaka wanauliza."

Suad alikwisha kufika mlangoni, kavaa koti lake. Shaame akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa ndani, akaendelea kukaa.